Mwendo wa Njia ya Emau

Dominika ya Tatu ya Pasaka, Mwaka A (Lk 24:13-35)



Mwinjili Luka atueleza kwamba kutoka Yerusalemu hadi Emau ulikuwa mwendo wa stadi 60, yaani kilomita 11 hivi. Umbali huo haupungui sana ule wa kutoka mjini Arusha hadi Tengeru. Leo napenda kuwasimulia siku niliyoipita njia yetu hiyo kwa baiskeli, na aibu iliyonikuta humo.

Ilikuwa Jumamosi, kabla ya masika. Gari la parokia lilikuwa kwa fundi, nami nilitazamiwa kuadhimisha Misa kigangoni, upande wa Maji ya Chai. Katekista akaniazima baiskeli yake, nikaondoka alfajiri. Mlima Meru ulikuwa kushoto kwangu, kilele kikiwa wazi. Mbele yangu, kwa mbali, Kilimanjaro ilianza kupokea nuru. Kwenda huko ni mteremko, na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Tengeru ilikuwa siku ya soko. Vijana walisukuma baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi, akina mama walijitwika matenga. Watu niliozoea kuwapungia mkono dirishani, siku hiyo nilisalimiana nao, nikasikia habari za watoto wao.

Kurudi kulikuwa kupanda. Jua la mchana likanishinda, nikashuka na kuisukuma baiskeli. Kiu iliponizidi, nikabisha hodi katika nyumba iliyo kando ya barabara. Binti akaniletea maji, kisha akasema, “Padre, babu anakuita ndani.”

Nikamkuta mzee aliyelala kitandani kwa miaka miwili. Akanishika mkono, akasema, “Padre, gari lako nalijua kwa mlio wake. Kila linapopita, nasali ufike salama.”

Ndugu zangu, nilikosa la kujibu. Katekista alikuwa amenitajia jina la mzee huyo mara mbili, nami nikaliandika katika daftari. Miaka miwili yeye alinisindikiza kwa sala, na miaka miwili mimi nilimpita, nikiharakisha kwenda kuhubiri upendo. Nikaketi, nikamsikiliza, nikamwungamisha. Kesho yake nikamrudia na Ekaristi Takatifu.

Bwana Mfufuka angeweza kutangulia Emau na kuwangoja wanafunzi mezani. Hakufanya hivyo. Alitembea nao kwa mwendo wao, mwendo wa watu wenye huzuni. Kwanza aliwauliza walikuwa wakizungumza nini, akawaacha waseme yote. Ndipo akawafafanulia Maandiko. Ni kweli kwamba walimtambua katika kuumega mkate, lakini walimkaribisha mezani kwa sababu alikuwa ametembea nao.

Sisemi kwamba gari ni baya. Gari limewafikisha wengi hospitalini, na barabara ya njia nne kati ya Sakina na Tengeru ni msaada mkubwa. Nasema tu kwamba mwenye haraka huona barabara, asiione nyumba iliyo kando yake.

Ninyi makatekista, msione haya kwa baiskeli zenu na miguu yenu yenye vumbi. Mnakwenda mwendo ule aliokwenda Bwana. Na ninyi waamini, kila mmoja wenu anayo nyumba anayoipita kila siku asiingie. Juma hili ingieni. Msianze kwa mashauri. Ulizeni, kisha sikilizeni.

Mzee yule Bwana alimwita kabla ya mwaka ule kwisha. Hata leo, nikipita mahali pale, namshukuru Mungu kwamba gari letu liliharibika.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, msafiri pamoja nasi, utupunguzie haraka yetu, ili tusiwapite wale unaokaa nao. Amina.