Goti Kwanza, Mota Baadaye: Kumchagulia Mzee wa Samuye Kiti cha Kuinukia



Tuanze na jina, maana jina lenyewe lina matata. Ukimwambia mtu wa Samuye, huku Shinyanga, kwamba unamtafutia baba yake kiti cha umeme, usishangae akikukodolea macho, kwa sababu wengi wetu tumelisikia neno hilo likitajwa kwa habari za wafungwa wanaouawa kule Marekani. Kiti kinacholaza mgongo nyuma nacho kina jina la zamani, kiti cha uvivu, na jina hilo ni hukumu tayari. Kwa hiyo katika mada hii nitasema kiti cha kuinukia. Ni kiti chenye mota chini yake: mzee anabonyeza rimoti, kiti kinapanda na kuinama mbele taratibu mpaka nyayo zishike sakafu na makalio yaachie; akibonyeza upande wa pili, mgongo unalala na miguu inanyanyuliwa. Watoto wetu walioko Geita, Kahama, Dar es Salaam au Ulaya wameviona madukani au kwenye simu zao, na swali wanaloleta nyumbani ni moja: tununue cha aina gani? Hoja yangu ni kwamba swali hilo limeanzia mwisho. Kiti cha mzee huanza na goti lake, ikafuata sakafu yake na choo chake, na umeme ukaja baada ya hayo. Tukienda kwa mpangilio huo, tutakuta wazee wengi wanahitaji kiti cha seremala kilichopimwa sawasawa, na wachache ndio wanaohitaji mota.

Kuinuka ni kazi nzito kuliko tunavyodhani sisi ambao magoti yetu bado yanatutii. Mtu huvuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, huinamisha kifua, uzito huhama kutoka kwenye makalio kwenda kwenye nyayo, kisha misuli ya mbele ya paja humsukuma juu. Kiti kikiwa kifupi, goti hukunjika zaidi na misuli hiyo hulazimika kuvuta uzito wa mwili kutoka mbali. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Physical Therapy yalionyesha kwamba kukiongezea kiti kimo kunaweza kupunguza mzigo wa goti hadi kwa asilimia 60 na wa nyonga hadi kwa asilimia 50, na kwamba kusukumia mikono ya kiti hupunguza mzigo wa nyonga kwa karibu nusu. Katika takwimu hizo hakuna mota hata moja. Ni mbao, kimo na mahali pa kuweka viganja. Mtazame bibi anayeinuka kwenye kigoda chake jikoni: anaweka kiganja kimoja chini na kingine juu ya goti, anageukia ubavu, anatafuta mwimo wa mlango, kisha anabaki ameinama kwa muda, kiuno kikiwa hakijakubali, ndipo anyooke. Goti lake ni lilelile akiwa kwenye kigoda au kwenye kiti kirefu. Kilichobadilika ni umbali.

Hapa lazima niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya watoto wema. Kijana akipata pesa, iwe ya pamba, ya ng'ombe au ya machimboni, zawadi ya kwanza kwa wazazi mara nyingi ni makochi. Yanapendeza, na mgeni akikaribishwa ndani anaona kweli kuna mtoto. Lakini kochi la sponji laini humzamisha mzee mpaka magoti yanakuwa juu kuliko nyonga, kina chake kirefu humvuta nyuma, na mikono yake minene haishikiki. Ndiyo maana si ajabu kukuta makochi yamefunikwa vitambaa sebuleni na mzee yuko nje kwenye kiti cha plastiki. Watu hudhani ni ushamba. Siyo: kiti cha plastiki chenye mikono kiko juu kidogo, ni kigumu, na kinampa pa kusukumia. Ubaya wake ni mwingine. Miguu yake hutanuka na kuteleza kwenye saruji laini, na kikiwa kimepigwa jua miaka kadhaa kinaweza kupasuka bila taarifa.

Basi kiti kizuri ni kipi? Mzee akae akiwa amevaa viatu anavyovaa kila siku, nyayo zote mbili zikiwa bapa. Fundi apime kwa futi kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kuanzia, na kwa mwenye maumivu ya magoti au nyonga huongezwa sentimita chache, ilimradi nyayo zisining'inie, kwani miguu inayoning'inia hubanwa na ukingo wa kiti na kufa ganzi. Kina kiwe kifupi kiasi cha kuacha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo na nyuma ya goti. Mikono ya kiti ifike mbele hadi usawa wa ukingo, maana mzee anayesukuma akiwa ameinama anaihitaji mbele, wala si kiwikoni. Chini ya ukingo wa mbele kusiwe na ubao wa kukingama, ili visigino vipate pa kurudi nyuma. Kosa hili hufanywa na mafundi hodari kabisa, kwa sababu ubao ule huimarisha kiti. Basi waurudishe nyuma. Maungio yawe ya ulimi unaoingia tunduni, si misumari mitupu, kwani mzee hukaa kwa kujiachia na kiti hupokea uzito wote kwa mshindo. Mninga wa Tabora ni mzuri, lakini hata mbao za msonobari zitafaa zikiwa nene na kavu.

Sasa tuje kwenye mota, kwa haki yake. Wapo wazee ambao kiti kirefu hakiwatoshi: aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, mwenye ugonjwa wa Parkinson ambaye mwili unagoma kuanza, mwenye baridi yabisi kali ya magoti yote mawili. Mpango wa bima wa Medicare nchini Marekani, nchi isiyo na uhaba wa viti, una masharti ya kufikirisha. Mgonjwa awe na ugonjwa mkali wa viungo vya nyonga au goti, au wa mishipa ya fahamu na misuli. Awe hawezi kabisa kuinuka kwenye kiti cha kawaida nyumbani kwake. Na akishasimamishwa awe anaweza kutembea. Hata hapo bima hulipia mtambo wa kuinua tu, haihusiki na kiti chenyewe. Sharti la kutembea ndilo la kukumbukwa zaidi. Kiti kinachomsimamisha mtu asiyeweza kupiga hatua kinamweka mahali pa kuangukia.

Ambaye masharti hayo yanamhusu, anunuliwe, na mnunuzi aulize mambo yanayohusu Samuye. Kiti cha mota moja husogeza mgongo na miguu kwa pamoja. Cha mota mbili husogeza kila kimoja peke yake, na kinamfaa anayeshinda kwenye kiti siku nzima, kwani anaweza kunyanyua miguu bila kulazwa. Cha kutoka Marekani kimeundwa kwa umeme wa volti 120, wetu ni wa 230, na kukichomeka hivyohivyo kunaweza kuunguza mtambo mara moja. Viti vingi vina nafasi ya betri ndogo za akiba zinazoweza kukirejesha kiti umeme ukikatika, lakini mara nyingi muuzaji haziweki mpaka uulize. Mzee aliyelazwa nyuma, miguu juu, LUKU ikaisha saa nne usiku, amefungwa kama aliye kitandani. Mgao wa umeme wa mwisho wa mwaka 2023 tunaukumbuka sote, na ada ya shilingi 27,000 ya kuunganishiwa umeme vijijini ilileta waya nyumbani, haikuleta uhakika. Uzito nao uangaliwe: hivi ni viti vya kubebwa na watu wawili, na kwenye sakafu ya udongo upande mmoja utadidimia na kiti kitainuka mshazari.

Waya wa kiti hicho unaleta jambo ninaloliona zito kuliko bei. Mzee wa Usukumani haishi sebuleni. Asubuhi yuko upande wa kivuli cha nyumba, mchana chini ya mwembe, jioni karibu na shikome, mahali ambapo wakubwa wamezoea kuongea na wadogo motoni. Akiwa pale anaona nani anapita, anaulizwa habari za mpaka wa shamba, anaamkiwa na watoto watokao shule. Kiti chenye plagi kinamrudisha ukutani. Hapo mzee huokoa magoti na kupoteza uwanja. Kiti cha mbao hubebwa na mjukuu mmoja kufuata kivuli.

Na choo? Tunazungumza habari za sebule kana kwamba mzee hana safari nyingine. Vyoo vingi vijijini ni vya shimo na kuchuchumaa, na kuchuchumaa kunadai goti likunjike kuliko kigoda chochote. Mota ikimsimamisha sebuleni na kumwacha anyongʼonyee juu ya tundu la choo usiku, akishikilia ukuta wa matofali mabichi, tumetumia mamilioni mahali pasipokuwa na hatari kubwa. Kiti cha mbao chenye tundu katikati, kimo kilekile alichopimiwa, kikawekwa juu ya shimo pamoja na mti imara wa kushika ukutani, ni kazi ya fundi yuleyule. Ningependa familia yenye pesa ya kazi moja tu ianzie huko.

Pingamizi la kwanza nililolisikia mara nyingi ni kwamba kumrahisishia mzee kuinuka kutamlegeza misuli. Lina ukweli nusu. Mota inayofanya kazi yote kila mara kweli huondoa zoezi, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuwapa wachache tu. Lakini kiti kifupi nacho si mazoezi: mzee anayeogopa kuinuka huacha kuinuka, hupunguza kunywa maji ili asiende haja, na misuli hufa kwa kukaa. Anayeinuka mara ishirini kwa siku kwenye kiti kirefu anafanya kazi zaidi kuliko anayeinuka mara nne kwenye kifupi. La pili husema wajukuu wapo, watamvuta. Wajukuu wako shuleni, wengine wamekwenda machimboni. Na mzee akivutwa kwa mkono mmoja bega huumia. La tatu ni la heshima: kiti cha seremala ni cha maskini, cha dukani ndicho cha kumtunza mzazi. Lakini Wasukuma walimkalisha mtemi kwenye kiti cha mti, na pale kwenye makumbusho ya Wasukuma, Bujora, banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti hicho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilipotaka kumuenzi Mwalimu Nyerere kilimwekea kigoda, yaani kiti cha uprofesa chenye jina lake.

Pesa bado inabaki. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Mkulima mzee wa pamba huku Bara hana pensheni ya jinsi hiyo, na kiti chake kitatoka mfukoni mwa watoto. Kwa hiyo maafisa ustawi na wahudumu wa afya walioko hapa watasaidia zaidi wakitembea na futi kuliko na orodha ya maduka. Goti lililovimba ghafla na kupata moto, au miguu iliyoanza kuvimba yote miwili, si kazi ya fundi. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali ya Kolandoto au ya rufaa ya mkoa kwanza. Wengine wote waanze na kipimo. Na fundi asikate miguu ya kiti karakanani. Aiache mirefu kwa sentimita tano, akipeleke kiti nyumbani, amkalishe mzee kwenye sakafu yake mwenyewe akiwa na ndala zake, amwambie ainuke mara tatu, kisha apunguze kidogokidogo mpaka nyayo zitulie chini.