Mafunjo Yanayogeuka Pedi

Leo nazungumza na mama zangu na dada zangu. Akina baba msizime redio, nanyi mna mabinti.

Tuanzie Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyaka II. Huko wakimbizi wenyewe wametengeneza pedi za hedhi ziitwazo MakaPads. Aliyezibuni ni Moses Kizza Musaazi, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Alitaka pedi ya bei nafuu, itokane na kitu kinachopatikana jirani. Akachukua mafunjo ya kinamasini, ambayo wengi wetu tuliyajua kwa mikeka tu.

Shina humenywa ganda la kijani. Kiini cheupe hupondwa mpaka kilainike, kikaanikwa juani, kisha kikachanganywa na karatasi chakavu zilizolowekwa. Mchanganyiko hutandazwa, hukaushwa, hulainishwa na kukatwa vipande. Kila kipande hufunikwa kwa kitambaa chepesi, na mwishowe pedi huwekwa chini ya taa yenye miale inayoua vijidudu. Usiruke hatua hiyo ya mwisho, nitairudia.

Kwa nini mafunjo hunyonya? Mimea yote imejengwa kwa nyuzi za selulosi, na selulosi huvuta maji na kuyashika. Pamba anayokufutia muuguzi kabla ya sindano ni selulosi. Bandeji ya pamba kwenye kidonda, vilevile.

Sasa sikilizeni. Kinachoshika damu hushika pia unyevu, na kwenye unyevu vijidudu huzaana. Kwa hiyo usichukue mafunjo, majani ya mgomba au karatasi ukatumia hivyo hivyo, hayajasafishwa. Pedi badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa.

Wanaotumia vitambaa, fueni kwa sabuni na maji safi, mwanike juani. Najua tunaona aibu, tunavificha chini ya godoro, navyo havikauki. Tandaza juu yake kipande cha kanga nyepesi: jua litapita na hakuna atakayeona.

Pedi iliyotumika usiitupe chooni. Huvimba, shimo likajaa upesi. Ifunge, uiweke kwenye pipa la taka. Na kama mgao haukukufikia, mwone mhamasishaji wa afya wa eneo lako.