Rais asiyetaka kuambiwa "hapana"

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa Kigoma Mjini na Ujiji. Tumeyachapa kama alivyoyatoa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya Rais na washauri wake wa kijeshi. Nasikia wengine wananong'ona huko nyuma: hayo ni ya Ikulu, sisi walalahoi yanatuhusu nini? Ndugu zangu, yanatuhusu kuliko yanavyomhusu mtu wa Masaki. Rais wa ng'ambo akikosana na jenerali wake, haipiti wiki boti zinajaa watu pale Kibirizi. Unga unapanda bei. Maofisa nao wanaanza kutuuliza sisi, tuliozaliwa Ujiji na babu zetu wamezikwa Ujiji, kama ni Watanzania kweli. Ugomvi wa wakubwa wawili ndani ya chumba kimoja huko Kinshasa au Bujumbura, anayeulipa ni mtu wa Mwanga na Katonga.

Tuanzie hapa hapa. Aprili 1965 Che Guevara, yule wa kwenye fulana zenu, alipita Kigoma kwa siri na kuvuka ziwa hadi Kibamba, upande wa Kongo. Wacuba waliomfuata walifika zaidi ya mia. Walijipa majina ya namba za Kiswahili, naye akaitwa Tatu. Kazi yao ilikuwa kuwafunza vita wapiganaji wa Laurent Kabila. Basi hapo tuna mshauri wa kijeshi aliyeshinda vita Cuba. Mkubwa wa kushauriwa yuko wapi? Hayupo! Mara yuko Dar es Salaam, mara yuko Kigoma. Alifika kule Julai, akakaa siku chache, akageuza. Kabla ya hapo, mwezi Juni, Che alitaka waanze na kituo kidogo cha adui. Amri ikatoka kwa viongozi kwamba ishambuliwe Bendera, kwenye ngome. Wakapigwa vibaya, na Wacuba wanne wakafa. Novemba Che alirudi Kigoma na boti, mgonjwa na amechoka.

Nawaomba mkumbuke picha hiyo ya kiongozi anayeamuru vita asiyoiona, na mshauri anayeiona asiyesikilizwa. Maana Kabila huyo huyo, baada ya miaka thelathini na ushee, alikuja kuingia kwenye shimo la upande wa pili.

Mwaka 1996 Kabila hakuwa na jeshi la maana. Jina lake hapa mkoani lilikuwa limebaki kwenye kesi kama ile ya mwaka 1975, watu wake walipovuka ziwa na kuwateka wanafunzi wanne wa utafiti wa sokwe kule Gombe. Rwanda ilipoamua kuingia Zaire, ikamkuta, ikamweka mbele. Wanajeshi wakatembea kutoka Kivu hadi Kinshasa kwa miezi saba, na Mei 1997 Kabila akaapishwa kuwa Rais. Mnadhimu mkuu wa jeshi lake jipya akawa nani? James Kabarebe, ofisa wa jeshi la Rwanda. Hebu fikirini hilo kidogo. Mkuu wa jeshi la nchi nzima ni askari wa nchi jirani! Julai 1997 Paul Kagame mwenyewe aliliambia gazeti moja la Marekani kwamba ni Rwanda iliyoipanga na kuiongoza vita ile. Kuna mtu atamwita huyo mshauri? Huyo ni mwenye nyumba, na Rais ni mpangaji wa chumba kimoja.

Wakongo wakaanza kumcheka Rais wao. Naye, kama mpangaji yeyote aliyechoka kudharauliwa, akaamka siku moja akitaka kumfukuza mwenye nyumba. Julai 1998 alimwondoa Kabarebe kwenye cheo, na mwisho wa mwezi huo akawaamuru wanajeshi wa Rwanda waondoke. Tarehe 2 Agosti vita ikalipuka upya mashariki. Siku mbili baadaye Kabarebe alipakia askari kwenye ndege za abiria zilizotekwa Goma, akawashusha Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki, upande wa pili kabisa wa nchi. Bwawa la Inga likatekwa, Kinshasa ikaingia giza. Mtu aliyeijua ramani yote ya ulinzi wa Rais sasa alikuwa anakuja kumtoa. Kilichomwokoa Kabila ni majeshi ya Angola, Zimbabwe na Namibia. Yaani alilipa deni kwa kukopa kwingine.

Sisemi Kabila alikosea kutaka nchi yake iwe huru. Alikuwa na haki kabisa. Kosa lilikuwa la mwanzo, alipokubali kuvaa urais ulioshonwa na fundi wa watu wengine. Na hakujifunza. Alianza kumwogopa kila aliyebeba bunduki, hata wa kwake. Anselme Masasu, aliyewaandikisha jeshini wale watoto wa Kivu walioitwa kadogo, alikamatwa, kisha akauawa Novemba 2000. Tarehe 16 Januari 2001 mmoja wa walinzi wake, kijana aliyetoka miongoni mwa hao hao kadogo, aliingia ofisini na kumpiga risasi. Mpambe wake, Kanali Eddy Kapend, alihukumiwa kifo mwaka 2003, akakaa gerezani akisisitiza kwamba hana hatia, na akatoka kwa msamaha mwaka 2021. Urais ulikwenda kwa mtoto, Joseph, aliyesoma hapa kwetu Tanzania na kuchukua nchi akiwa na miaka 29.

Sisi tulipata nini? Tulipata kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kuna watu wamezaliwa humo, wameoa humo na wamezaa humo.

Burundi ni hapo jirani tu. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za vyama vingi, aliapishwa Julai 1993. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo wanajeshi walimuua. Alikuwa amiri jeshi wa jeshi lisilomtambua. Hakukaa madarakani hata miezi minne.

Lakini mkasa ninaotaka muubebe nyumbani ni wa mwaka 2015, kwa sababu wengi wenu mliuona kwa macho. Jenerali Godefroid Niyombare alikuwa mkuu wa ujasusi wa Burundi. Hakuwa mpinzani. Alikuwa mwenzake Pierre Nkurunziza tangu msituni, na aliwahi kuwa mkuu wa majeshi. Akamwandikia Rais wake ushauri kwamba asigombee awamu ya tatu, nchi haitatulia. Mnajua alijibiwaje? Februari 2015 alifukuzwa kazi, hata miezi mitatu hajaimaliza kwenye kiti hicho. Aprili chama kikamteua Nkurunziza kugombea, watu wakaingia barabarani. Tarehe 13 Mei Rais yuko Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Niyombare anatangaza redioni kwamba amempindua. Mapinduzi yakashindwa ndani ya siku mbili.

Siungi mkono mapinduzi, na jenerali anayeshindwa hoja hana ruhusa ya kuchukua mizinga. Ila ushauri ule ulikuwa wa kweli! Makumi ya maelfu ya watu walibanana kwenye ufukwe wa Kagunga, kipindupindu kikawaingia, na Liemba, meli ya Wajerumani iliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma. Uwanja wetu wa Lake Tanganyika uligeuzwa kituo cha wakimbizi. Yote hayo yalikuwa ndani ya barua moja ambayo Rais hakutaka kuisoma.

Sasa tuje kwetu, maana kuwasema jirani ni rahisi.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Mwalimu Nyerere alijificha, na ikabidi Waingereza hao hao waitwe kuuzima uasi. Ilikuwa aibu, na Mwalimu mwenyewe hakuificha. Akalivunja jeshi, na Septemba 1964 JWTZ likazaliwa. Dawa aliyochagua ilikuwa kuliingiza jeshi ndani ya chama, na hadi mageuzi ya 1992 wanajeshi walikuwa na matawi ya chama kambini. Leo Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote. Vizuri. Lakini akivua gwanda tu, kesho tunamwona ni mkuu wa wilaya au wa mkoa, kwa uteuzi wa Rais. Nauliza: ofisa anayehesabu miaka ya kustaafu huku akiitazamia nyumba ya mkuu wa mkoa, atamwambia Rais "Mheshimiwa, hapa unakosea"?

Na Katiba hiyo hiyo, ibara ya 37, inasema Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale sheria inapomtaka. Sina ugomvi na hilo. Jenerali hakupigiwa kura. Ugomvi wangu ni kwamba hatujui kama kuna mtu aliyemshauri tofauti. Ibara ya 44 inampa Rais kutangaza hali ya vita, kisha Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14. Siku kumi na nne! Kagunga ilijaa kabla ya hapo. Kamati ya Bunge ya ulinzi ingeweza kuwaita makamanda faraghani na kuwauliza walishauri nini, na Rais aliamua nini. Lakini wabunge wanaogopa gwanda kuliko wanavyotuogopa sisi tuliowapigia kura.

Kwa hiyo mgombea yeyote akija hapa Mwanga na maspika yake, wa chama tawala au wa kwetu, msimuulize lami peke yake. Muulizeni ni nani katika watu wake aliyewahi kumwambia "hapana," na mtu huyo yuko wapi sasa hivi. Akicheka tu, mwulizeni tena.

Nakaribisha maswali. Wa Gungu waanze, wametoka mbali.