Mtoto Aliyekuwa Kwenye Kahawa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)



Wengi wetu tumekaa kwenye kamati za shule, na swali la kwanza la mzazi tunalijua: shule ilipata alama ngapi? Leo tunauliza lingine. Walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi, ni watoto wa nani, na sasa wako wapi?

Twende mbali kidogo, nchi ya Kolombia, Amerika ya Kusini. Huko nako kuna milima, kahawa na wenye mashamba madogo kama sisi. Shule nyingi za serikali kule mashambani zilikuwa ndogo, mwalimu mmoja au wawili kwa madarasa yote matano ya msingi. Msimu wa kuchuma ukifika, mtoto anaenda shambani na wazazi. Akirudi, wenzake wamempita. Anarudia darasa, mwaka ujao vivyo hivyo, mwishowe anaacha. Halafu watu wanasema ati kichwa chake ni kizito.

Katikati ya miaka ya 1970, Vicky Colbert, mwalimu wa mashambani Oscar Mogollón na wenzao walianzisha mpango ulioitwa Escuela Nueva, yaani Shule Mpya. Masomo yaliandikwa katika vitabu vya mwongozo, mtoto akafuata hatua kwa hatua, wakikaa kwa vikundi huku mwalimu akizunguka. Aliyekosa wiki tatu anaendelea pale alipoachia. Anapanda darasa akimaliza kazi ya darasa lile, si kwa sababu Desemba imefika.

Na hapa ndipo tungependa mtege sikio. Mwalimu alitakiwa kuzijua familia: aandike ni akina nani, wanafanya kazi gani, mavuno ni mwezi gani, na achore ramani ya kijiji akisaidiwa na wanafunzi na wazazi. Orodha hiyo haikufungiwa kabatini. Ilitumiwa kupanga masomo.

Serikali yao iliukubali mpango huo kwa shule za mashambani mwaka 1985, na miaka ya 1980 ikiisha shule zilikuwa karibu 20,000. Je, matokeo? Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha watoto wa darasa la tatu wakiwapita wa shule za kawaida katika Kihispania na hesabu. Darasa la tano walishinda Kihispania, hesabu, hapana. Si miujiza, basi. Tena shule zilipoongezwa haraka, nyingine zilikosa vitabu na walimu waliofunzwa, na kazi ikalegea. Hata hivyo, UNESCO ilipopima nchi za Amerika ya Kilatini mwaka 1997, Kolombia ndiyo ilikuwa na shule za mashambani zilizofanya vizuri kuliko za mijini, ukiacha miji mikubwa sana.

Turudi nyumbani. Kwetu pia watoto walikuwa wakirudishwa darasa ili wastani wa shule usishuke. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza jambo hilo, na mtihani wa KCPE wenyewe ulikwisha 2023. Lakini mtoto anayechuma majani chai, msichana aliyejifungua, kijana mkubwa anayeona haya kukaa na wadogo, hao bado wako. Haya yenyewe tungeiacha: mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84.

Basi kila kikundi kinunue daftari moja. Mpite nyumba kwa nyumba, muandike umri wa mtoto, darasa, anaishi na nani, miezi anayofanya kibarua, na kama aliacha, aliacha kwa nini. Msiandike walio darasani peke yao. Majina yasisomwe mbele ya watu, maana kuna nyumba zina machungu. Tarehe za muhula hatuwezi kuzibadilisha, ni za wizara, lakini mwalimu mkuu akiona daftari anaweza kupanga jioni mbili kwa wiki za kuwafundisha waliotoka kuchuma, na kikundi kikatoa taa na uji. Madaftari tutayapitia pamoja mkutano ujao, kabla ya msimu kuanza.