Kabla Hamjanunua Mashine ya MIG
(Maneno tuliyowaambia wanavikundi wa Rodi Kopany)

Mmetuuliza kama kikundi kitoe akiba kununua mashine ya MIG, ile ya waya na gesi, badala ya ile ya fimbo. (Fimbo wengine huziita rodi, si Rodi yetu hii!) Kabla ya kujibu, tuwaambie aibu yetu.

Tulitengenezewa mkokoteni wa maji. Mshono wa ule mti wa chuma unaofungwa nira ulikuwa laini, unang'aa, nasi tukausifu. Wiki ya pili, kwenye mteremko, ukaachia. Kijana aliyeongoza ng'ombe akaumia mguu. Kutazama, chuma chini ya mshono bado kilikuwa na kutu. Waya ulilala juu tu, haukuingia.

Hiyo ndiyo hatari ya MIG. Mtu hujifunza kuchora mstari mzuri kwa siku chache, lakini mstari haukuambii kama vyuma vimeyeyuka pamoja. Basi kwanza piga grinda mpaka chuma king'ae, na pale unapofunga waya wa athi pia.

Kwenye mashine kuna volti na mwendo wa waya. Ukiongeza mwendo wa waya, ampia zinapanda. Waya ukienda mbio kuliko volti, unadunga chuma na bunduki inakusukuma mkono. Mshono unavimba juu kama kamba. Hivyo ndivyo mkokoteni wetu ulivyokuwa. Volti zikizidi, waya unayeyukia kwenye ncha ya shaba, na bomba jembamba linatoboka. Zikilingana, utasikia mlio usiokatika, kama omena kwenye mafuta moto. Sikio lenu litawasaidia kuliko namba. Hata hivyo, kwa waya wa milimita 0.8, bomba la milimita 1.5 huanzia kama ampia 60, na bamba la milimita 3 karibu 120. Acha waya utokeze kama milimita 10 tu.

Sasa upepo. Gesi hufukuza hewa pale chuma kinapoyeyuka, na lita 10 hadi 15 kwa dakika zinatosha. Lakini upepo wa mchana ukiipeperusha, mshono unajaa vitundu kama mandazi. Fundi wa chini ya mti hawezi kushindana nao. Kuna waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi, ila mara nyingi lazima ugeuze nyaya, bunduki iwe hasi. Kwa waya wa gesi, bunduki ni chanya. Wengi husahau hapo.

Mabati yenye zinki yaondoleeni zinki kwanza, maana moshi wake huleta homa usiku. Maziwa ni mazuri, lakini hayaondoi moshi kifuani.

Jibu letu? Kama kazi yenu ni madirisha na milango, na mna banda lenye kuta, MIG itawafaa. Ulizeni kwanza mtungi utajazwa wapi na kwa nauli gani. Kama ni plau na tela za miwa, bakini na fimbo kwa sasa.

Fundi amekubali kutuchomelea vipande, vyembamba na vinene. Tutavibana kwenye vaisi na kuvipiga nyundo, tuone kama kitapinda chuma au kitaachia mshono. Haya, twendeni nje, na msiutazame moto bila kioo.