Pasi ya Mkaa Nyumbani: Mvuke, Moto na Hewa ya Sumu

(Haya ni mazungumzo tuliyowapa wanakisomo wetu katika darasa la jioni. Tumeyaandika hapa ili na wengine wayasome nyumbani.)



Juma lililopita mama mmoja alituuliza swali. Alisema, "Mwalimu, mmetufundisha kilimo, maji na vyoo. Sasa mnataka kutufundisha pasi. Pasi nayo ni somo? Si mambo ya watu wa mjini hayo?" Watu wakacheka. Sisi nasi tukacheka. Lakini tulipofika nyumbani tulilifikiri swali lile, tukaona si la kucheka. Leo tunalijibu.

Mama, pasi si urembo tu. Pasi inalinda afya. Tena pasi ya mkaa ni moto, na moto usiolindwa huua. Mwaka 1973 wazee wetu wengi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza habari za vyoo, maji safi na malaria. Sisi tunasema nguo tunazovaa nazo zimo katika afya hiyo hiyo.

YALIYOTUKUTA SISI WENYEWE

Kabla ya kuwafundisha ninyi, hebu tukiri kosa letu. Yalitukuta nyumbani kwetu, wakati wa masika.

Kesho yake shule zilikuwa zinafunguliwa. Sare za watoto zilikuwa zimefuliwa, lakini hazijanyooshwa. Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli. Tukawasha mkaa barazani, ukashika moto, moshi ukaisha. Tukautia katika pasi, tukaingia ndani. Jiko lenye mkaa uliobaki tukaliingiza nalo, ili tupate wa kuongezea. Upepo ulikuwa unaleta mvua ndani, basi tukafunga dirisha na mlango. Watoto walikuwa wamelala mkekani, chumba hicho hicho.

Baada ya muda kichwa kikaanza kuuma. Tukasema ni uchovu. Mwenzetu aliyekuwa anapiga pasi akasema miguu inamlegea. Mara mtoto mdogo akaamka, akatapika. Tukasema, "Hii malaria hii." Tukaanza kutafuta vidonge!

Bahati yetu, bibi jirani alikuja kuazima kiberiti. Bibi huyu ni mwanafunzi wetu. Wakati ule alikuwa bado anajifunza kuunganisha herufi. Alipofungua mlango tu akapiga kelele: "Jamani, mbona mmejifungia na mkaa? Mnataka kufa?" Akamnyanyua mtoto, akatoka naye barazani. Nasi tukatoka tunapepesuka. Usiku ule ule tukaenda zahanati na watoto wote, wakatazamwa. Tunashukuru, walipona.

Tazameni jambo hilo. Sisi tuliosoma chuo cha ualimu tulikuwa hatujui. Bibi asiyejua kusoma bado ndiye aliyejua. Ndiyo maana tunasema kila mtu ni mwalimu, na kila mtu ni mwanafunzi.

HEWA ISIYOONEKANA

Kosa letu lilikuwa nini? Tulidhani moshi ukiisha, hatari imeisha. Sivyo. Mkaa unaowaka mwekundu bila moshi bado unatoa hewa ya sumu. Wataalamu wanaiita kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hakuna kitu cha kukuonya.

Damu yetu hubeba oksijeni, yaani ile hewa safi tunayoivuta, na kuipeleka mwilini kote. Hewa hii ya sumu ikiingia katika damu, inashika mahali pa oksijeni na kukatalia hapo. Mwili unakosa hewa huku mtu bado anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea na akili kuvurugika. Aliyelala anaweza kufa usingizini bila kuamka.

Dalili hizi zikimpata mtu mahali penye mkaa, mtoeni nje mara moja. Msianze kujadiliana. Zimeni mkaa au utoeni nje, kisha mpelekeni mgonjwa zahanati au hospitali, hata kama anasema amepata nafuu. Wengine humpa maziwa wakidhani yataondoa sumu. Maziwa hayaondoi sumu hii, maana imo katika damu, haimo tumboni. Tena aliyezimia asinyweshwe kitu chochote, anaweza kupaliwa.

KWA NINI TUPIGE PASI?

Sasa turudi kwa swali la mama. Faida ya pasi ni nini?

Katika sehemu nyingi za nchi yetu yuko nzi mmoja anayependa kivuli. Hutaga mayai mchangani, hasa penye mkojo au uchafu, na pia katika nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini. Mtu akivaa nguo ile, vidudu vilivyoanguliwa vinaingia katika ngozi. Panafanya kijipu chenye tundu dogo katikati, nacho kinauma na kuwasha. Ndani yake mna funza. Watoto wachanga huyapata sana kwa sababu ya nepi na mashuka yao.

Dawa ya kuzuia ni rahisi. Anika nguo kwenye kamba, juani, mpaka zikauke kabisa. Usizitandaze mchangani wala majanini. Kisha zipige pasi ya moto pande zote mbili, nje na ndani. Usisahau pindo, mishono na mkanda wa kiunoni. Joto la pasi linaua mayai yale. Chawa wa mwilini nao hujificha na kutaga katika mishono hiyo hiyo. Pasi inawafuata huko huko.

Basi mama, umeona? Nepi ya mtoto inahitaji pasi kuliko suti ya bwana harusi.

MVUKE UNAFANYA KAZI GANI?

Wengine wamewaona madobi wa mjini na pasi zao kubwa za mvuke. Siku hizi ziko pia ndogo za nyumbani, zenye vibao viwili vinavyofungwa kama kitabu. Unatandaza nguo juu ya kibao cha chini, unashusha cha juu, mvuke unapenya, unainua, nguo imenyooka. Ni chombo kizuri. Lakini siri yake haimo katika chombo. Siri yake ni maji na joto.

Nyuzi za pamba zikipata maji na joto hulegea. Zikikauka huku zimenyooshwa, zinabaki zimenyooka. Pasi kavu inapita juu juu tu, lakini mvuke unaingia ndani ya kitambaa. Lita 1 ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke hutanuka ikawa zaidi ya lita 1,600. Kwa hiyo maji kidogo tu yanatosha.

Sisi wa pasi ya mkaa tunaweza kupata mvuke huo kwa kitambaa kibichi. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kama kipande cha shuka kuukuu. Kichovye majini, kikamue sana mpaka kisidondoke. Kitandaze juu ya suruali au marinda ya sketi. Weka pasi juu yake, kandamiza kidogo, inua, sogeza mbele. Usiburute. Utasikia "shiii", huo ndio mvuke. Ukimaliza, ondoa kitambaa na uache nguo ikauke kabla ya kuikunja. Nguo nyeusi haitang'aa mahali pa pasi, wala haitapata doa la majivu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Washa mkaa nje, mahali pasipo na watoto. Usiuwashe kwa petroli hata siku moja.

2. Pigia pasi nje au barazani penye hewa. Mvua ikinyesha, subiri. Sare yenye mikunjo haijaua mtoto. Dirisha moja lililofunguliwa kidogo halitoshi.

3. Tikisa majivu na upepee pasi mbali na nguo. Hakikisha kifuniko kimefungwa vizuri, kwa sababu kikifunguka makaa yatakumwagikia miguuni.

4. Safisha tako la pasi. Lisugue juu ya jani bichi la mgomba, kisha ulipangushe kwa kitambaa kikavu. Masizi yatatoka na pasi itateleza.

5. Tandika blanketi kuukuu na shuka juu ya meza imara. Anza na nguo zinazotaka joto dogo wakati pasi haijapata moto sana. Nailoni kwanza, kisha poliesta, pamba mwisho. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kama ndani ya pindo.

6. Katika shati anza na kola, kisha mabega, mikono, halafu mgongo na mbele.

7. Usiache pasi na kwenda kuchota maji au kuzungumza na mgeni. Iweke juu ya jiwe au chuma, mahali mtoto hafiki.

8. Ukimaliza, mwaga makaa nje na uyazime kwa maji au mchanga. Usilale nayo chumbani ili kupata joto.

MTU AKIUNGUA

Akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Maji ya mtungi kwa kata yanafaa. Msipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya kupikia wala oili. Msipasue malengelenge. Nguo ikiwa imegandia katika jeraha, msiibandue. Funikeni kwa kitambaa safi na mwende zahanati. Kwa mtoto mdogo msingoje kesho.

KISOMO NA PASI

Hapa ndipo kisomo kinapotulipa. Nguo nyingi za dukani na za mitumba zina kitambulisho kidogo kilichoshonwa ndani. Tafuteni picha ya pasi. Nukta 1 maana yake joto lisizidi digrii 110. Nukta 2, digrii 150. Nukta 3, digrii 200. Picha ya pasi iliyokatwa msalaba maana yake usiipige pasi nguo hiyo. Pasi ya mkaa haina namba, basi nukta 1 ipigeni pasi ikiwa vuguvugu tu, na nukta 3 ikiwa ya moto sana.

Na ninyi ambao umeme umefika kwenu, fanyeni hesabu kabla ya kununua pasi ya mvuke. Chukueni pasi ya wati 1,000. Ikila umeme muda wa saa 1 nzima, inamaliza uniti 1. Taa ya wati 10 ingewaka saa 100 kwa uniti hiyo hiyo. Hatusemi msinunue. Tunasema pigeni nguo nyingi kwa mara moja, msiwashe pasi kila asubuhi kwa shati moja. Ile sola ndogo ya taa mbili tatu haiwezi kuendesha pasi. Someni pia karatasi inayokuja na chombo, mjue kinataka maji gani. Maji ya chumvi huacha ukoko mweupe, kama ule mnaouona ndani ya birika. Na msifungue mahali pa maji wakati chombo bado cha moto. Mvuke unaunguza vibaya.

Ndugu zetu, tumemaliza. Yule bibi jirani leo anasoma barua zake mwenyewe. Tulipomwambia tutaisimulia habari ile, alisema, "Isimulieni, Mwalimu. Ila waambieni na hili: mkaa hauogopi cheti."

Maneno yake ni kweli. Nendeni mkawaambie na wale ambao hawakufika leo. Elimu haina mwisho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mkaa usio na moshi una hatari gani ndani ya nyumba?

2. Katika kijiji chetu nguo za watoto zinaanikwa wapi? Tubadilishe nini?

3. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa kila siku kwa siku 30, itamaliza uniti ngapi?

4. Nani hapa amewahi kuungua? Alipakwa nini? Leo tungefanya nini?