MAUMIVU YA KOO YASIPUUZWE
Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika



 Mmezoea kutusikia tukizungumzia visima, ng'ombe wa maziwa na ada za yatima. Leo tunaomba tuzungumze juu ya koo.

Mwaka jana mvulana wa miaka 9 katika mojawapo ya sharika zetu aliugua mafindofindo. Alisukutua maji ya chumvi na kumeza vidonge vya maumivu vya dukani. Ndugu walishauri akatwe kimeo, mama akakataa. Siku ya nne koo likapata nafuu, lakini paja alilokuwa ameliangukia akicheza mpira likaanza kuuma. Halikuwa na jeraha wala usaha, lilivimba kidogo tu. Hata hivyo mtoto alilia shuka ilipomgusa. Watu wakasema ameteguka, akakandwa kwa maji ya moto.

Jumamosi jioni mama alikwenda kwa mzee wa kanisa kuomba nauli ya hospitali. Fedha zilikuwepo katika mfuko wa wagonjwa. Lakini utaratibu tuliouweka sisi wenyewe ulidai sahihi tatu, na mmoja wa watia sahihi alikuwa safarini. Fedha zikatoka Jumatatu. Usiku uleule mtoto alipasuliwa na misuli iliyokufa ikaondolewa. Tunamshukuru Mungu kwamba yu hai na amerudi shuleni, ila anatembea kwa gongo. Daktari alituuliza kwa nini tulichelewa, nasi hatukuwa na jibu la kumpa.

Ndugu wajumbe, ugonjwa huu si uchawi. Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi na huisha yenyewe. Lakini mengine, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, huletwa na bakteria aitwaye streptokoko wa kundi A. Mara chache sana bakteria huyo huingia katika damu na kutua ndani ya msuli, na anapenda zaidi mahali palipopata pigo au mkazo. Humo hutoa sumu zinazoua nyama na kuziba mishipa midogo ya damu. Damu isipofika, dawa nayo haifiki. Ndiyo maana vidonge peke yake havitoshi: mgonjwa anahitaji dawa za mishipa na upasuaji wa haraka, na kila saa ina thamani.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya nchi maskini tu. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maambukizi makali ya bakteria huyu yameongezeka katika nchi kadhaa za Ulaya, zikiwemo Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Uswidi, na watoto walipoteza maisha. Tena, si kila uvimbe wa msuli unatokana na koo. Majipu ya ndani ya misuli yanajulikana sana katika nchi za joto, na mengi huletwa na bakteria mwingine, stafilokoko. Kwa mzazi hatua ni ileile: kwenda hospitali.

Ajali hii ni adimu. Iliyo ya kawaida zaidi kwetu ni homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata majuma mawili au matatu baada ya koo lisilotibiwa na huweza kuharibu vali za moyo kwa maisha yote. Bakteria ni yuleyule, na kinga ni ileile.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya yafundishwe katika jumuiya, Shule ya Jumapili na vikundi vya wanawake:

Kwanza, mtoto mwenye koo linalouma ghafla, mwenye homa na tezi za shingo zilizovimba, na asiye na mafua wala kikohozi, apelekwe zahanati. Akithibitika kuwa na bakteria huyu, penisilini bado inamuua vizuri hadi leo. Hutolewa kwa sindano moja ya kukaa muda mrefu, au vidonge kwa siku 10. Asiache dozi siku ya tatu kwa sababu amepata nafuu, wala vidonge vilivyobaki asipewe mdogo wake.

Pili, kukata kimeo hakutibu koo. Kunaleta kutokwa damu na kidonda kinachoingiza vijidudu vingine. Wazee wetu walifanya hivyo kwa nia njema, lakini tuache.

Tatu, zijulikane dalili za hatari: maumivu makali ya mguu, mkono au mgongo kuliko yanavyoonekana kwa macho, homa, uvimbe unaokua kwa saa, ngozi inayobadilika rangi au kutoa malengelenge, kupumua kwa haraka, kulegea au kuchanganyikiwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, basi tusiusubiri. Mgonjwa wa namna hii asikandwe wala asingoje kupambazuke.

Nne, na hili linatuhusu sisi viongozi. Tunapendekeza kila mtaa uwe na kiasi kidogo cha fedha za nauli ya dharura mikononi mwa mzee wa kanisa na mweka hazina. Watu wawili hao waruhusiwe kutoa fedha saa yoyote, stakabadhi na sahihi nyingine zifuate ndani ya siku 7. Kiasi kilichotumika kisomwe mbele ya kamati kila mwezi.

Wafadhili wetu wapendwa, sahihi tatu tuliziweka ili kulinda sadaka zenu, na tutaendelea kuzilinda. Lakini tunawaomba mkubali badiliko hili dogo. Hesabu za mwaka ule zilikuwa safi, kila shilingi ilikuwa na karatasi yake. Hata hivyo fedha zililala kwenye sanduku siku mbili, na mtoto alilala na maumivu siku hizohizo.

Wajumbe, tunawaomba mpeleke pendekezo hili katika vikao vya sharika zenu na kutuletea majibu kabla ya kikao kijacho. Mama yule alifanya sehemu yake: alikataa kisu cha kimeo na alikuja kubisha hodi usiku. Safari nyingine akija, akute mlango uko wazi.